Dadangu ni nesi wa hospisi, kina ami wamempa jina la Ziraili. Nifanyeje?

Mwana_Kisauni:
Asalaam aleikum wanajukwaa. Dadangu mkubwa ni nesi wa hospisi hapa Mombasa, wale wanaotunza wagonjwa wa maradhi mazito na kuwatuliza maumivu. Kazi yake kuzunguka majumbani, leo Likoni, kesho Changamwe, akiwatazama wagonjwa wa saratani. Sasa ami yetu ana saratani ya koo, usiku halali kwa maumivu, na wanawe wamempiga dadangu marufuku. Eti akikanyaga pale ni kama wamemwita Ziraili. Bi mkubwa naye hataki awashike watoto kabla hajaoga, kana kwamba kifo kinaambukiza. Dada hajibu kitu. Hurudi, huketi barazani peke yake mpaka chai ikapoa. Nimwambie aache kazi hii, ama nikagombane na kina ami?

Nesi_Mstaafu:
Wa aleikum salaam mwanangu. Aache kwa kosa lipi? Watu huita hospisi mgonjwa keshabakiwa na siku mbili, halafu wakasema hospisi ndiyo iliyomuua. Tiba shufaa, yaani hiyo ya hospisi ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na taabu, yaweza kuanza hata mtu angali kwenye tiba ya saratani, kemo au miale! Maumivu kama hayo mara nyingi hutakiwa mofini, na daktari ndiye wa kuiandika. Iko ya maji, chungu, hunywewa kila baada ya saa 4, na kipimo cha kulalia huweza kuongezwa ili mgonjwa asiamke. Huanzwa kidogo ikapandishwa taratibu. Ikitolewa hivyo haiharakishi kifo. Itamfunga choo, hilo kweli, basi hupewa pamoja na dawa ya kulainisha.

Baharia_wa_Likoni:
Mimi siwalaumu wale vijana. Ukisikia neno hospisi, moyo unakufa kabla ya mgonjwa. Msiwalazimishe.

Mama_Swafiya:
Mume wangu yumo kwenye kazi hiyo hiyo. Akirudi simuulizi ya kazini, namuuliza kama amekula. Akitaka kusema atasema, na jina la mgonjwa hatalitaja, ni siri za watu. Siku akikuletea kichekesho cha mgonjwa, nawe cheka. Wale wagonjwa wana mzaha mno, sijui kwa nini watu hudhani wanalia tu mchana kutwa. La bi mkubwa, mwambie waziwazi: saratani haiambukizi kwa kushikana.

Kwa ami, dada asiende na sare wala mkoba. Aende kumjulia hali kama mtoto wa nduguye. Halafu nakuuliza: ami mwenyewe asemaje? Koo lake, maumivu yake, mbona wanaosema ni wanawe tu?

Mwana_Kisauni:
Wallahi hakuna aliyemuuliza. Sauti imemkauka, lakini kalamu anashika. Kesho baada ya Alasiri napita na daftari.

Nesi_Mstaafu:
Muulize wanawe wakiwa nje ya chumba. Mbele yao ataandika "sijambo".