Naombeni ushauri: Ukoo wa mume wangu Wajerumani, karatasi zinasema walizaliwa Urusi

MamaJunior: Habari zenu wakuu. Nimeolewa huku Lincoln, Nebraska. Mama mkwe ana miaka themanini na kitu, kumbukumbu zimeanza kumpotea, anatamani ajue babu yake alitoka kijiji gani, na mimi ndo nashinda nae nyumbani kwahiyo kazi nimeibeba mimi. Jina la ukoo ni la Kijerumani, Biblia ya familia ya Kijerumani yenye zile herufi za zamani, kurasa za mwanzo kuna majina na tarehe za watoto kwa mwandiko ambao siwezi kuusoma kabisa. Afu sensa ya 1920 imeandika babu kazaliwa Urusi, lugha ya mama Kijerumani, basi, kijiji hakijatajwa. Nikimuuliza anasema baba yake hakutaka kabisa habari za huko, halafu ananyamaza. Nianzie wapi jamani? Na niendelee kumuuliza au nimuache?

Kipanga: Dada hongera, sio wote wanaojali wakwe hivyo. Sensa haijakosea. Malkia Katerina wa Pili wa Urusi alitoa tangazo 1763 kuita wageni waje kulima, Wajerumani wengi wakaenda kando ya mto Volga maeneo ya Saratov, waliahidiwa kutoingia jeshini na kubaki na dini yao. Wakakaa zaidi ya miaka mia na Kijerumani chao, shule zao, makanisa yao. 1871 serikali ikafuta ule upendeleo, 1874 vijana wao nao wakaanza kuchukuliwa jeshini, na ardhi ilishakuwa haitoshi maana familia zilikuwa kubwa, ndo watu wakaanza kupanda meli. Kuna wengine wa Bahari Nyeusi upande wa Odessa, hao wengi walienda Dakota. Kwa Lincoln mimi ningeanza na Volga.

Mzee wa Nyaraka: Nakazia hapo. Tafuta faili la uraia la babu. Kama aliomba baada ya Septemba 1906 fomu zilikuwa zinauliza alizaliwa wapi na alikuja na meli gani. Ukishapata meli nenda kwenye orodha ya abiria, kuanzia 1907 waliandika mpaka jina la ndugu aliyebaki nyumbani na anapoishi, hapo mara nyingi kijiji kinajitokeza chenyewe. Kama walipitia bandari ya Hamburg kule Ujerumani una bahati, orodha zake zipo, za bandari ya Bremen nyingi zimepotea. Usiache vitabu vya kanisa lao hapo hapo mjini. Watu wa kijiji kimoja walipenda kukaa pamoja, Lincoln walijaa watu wa Norka na wa Frank, vijiji vya huko Volga, kwahiyo angalia na majirani waliozikwa karibu na babu. Na we uko mji wenyewe! Chama cha kihistoria cha Wajerumani wa kutoka Urusi kilianza 1968 na makao yake ni hapo hapo Lincoln, nenda na Biblia mkononi, mwandiko ule kwao sio kitu kigeni.

Bint Pwani: Mi nasemea huo ukimya. Baba yake mama mkwe wako alikuwa mtoto enzi za vita ya kwanza ya dunia, Ujerumani ikawa adui na Kijerumani kikawa kitu cha kuficha. Nebraska 1919 ilipitisha sheria kuzuia kufundisha watoto kwa lugha za kigeni mpaka wamalize darasa la nane, mwalimu Robert Meyer akashtakiwa kwa kumsomesha mtoto Kijerumani, Mahakama Kuu ya Marekani ikaifuta sheria 1923. Hapo mtoto ameshajifunza kufunga mdomo. Na ndugu waliobaki Volga walipigwa na njaa ya 1921, halafu 1941 Stalin akawahamishia Siberia na Kazakhstan. Mzee huenda alikuwa na ndugu ambao barua zao zilikatika tu. Kwahiyo usimuulize mama mambo ya Urusi, muulize ya mashamba ya viazisukari (vile vya kutengenezea sukari), familia nyingi za Lincoln zilikuwa zinaenda huko na watoto wote, wanatambaa kwa magoti kupunguza miche. Hayo atakuwa amesimuliwa.

MamaJunior: Bint Pwani umenigusa sana. Nimemuuliza ya viazisukari jioni hii, kaongea mpaka chakula kimepoa, kataja na Scottsbluff, mji wa huko magharibi mwa Nebraska. Biblia naipeleka wiki ijayo.

Mzee wa Nyaraka: Kabla hujaipeleka piga picha kila ukurasa wenye mwandiko. Na akiongea mrekodi kwenye simu, ila muombe ruhusa kwanza.