Mjadala: Kiingereza vyuoni kwenye maeneo ya lugha mbili, nani anabanwa?

Kalamu Kavu: Wakuu, chuo kikuu cha Bolzano, kaskazini mwa Italia, tangu kianzishwe 1997 kinafundisha kwa Kijerumani, Kiitaliano na Kiingereza. Huko Basque nako, jimbo la kaskazini mwa Hispania, Kibasque na Kihispania vimeongezewa kozi za Kiingereza. Mimi naona anayeumia ni lugha ndogo. Ratiba haitanuki, kila kipindi cha Kiingereza kimemegwa mahali. Halafu wahadhiri wengi wenyewe Kiingereza cha kuungaunga, wanasoma slaidi tu.

Mama Tasnifu: Ulianza vizuri, ukamalizia na kejeli. Mimi nafundisha kwa Kiingereza, ni lugha yangu ya tatu. Nani kakwambia nasoma slaidi?

Bwana Fujo: Hakukutaja dada, umejitaja 😂

Mama Tasnifu: Cheka tu. Muhadhara wa Kiingereza naandaa mpaka mzaha. Kwa lugha yangu mzaha unakuja wenyewe. Na swali likitoka nje ya slaidi, mwanafunzi anamnong'oneza jirani yake kwa lugha yao, jirani ndiye ananiuliza. Hiyo ni kazi, si kuungaunga.

Mzee wa Hoja: Tusipotee. Politecnico ya Milano, chuo kikuu cha ufundi huko huko Italia, 2012 iliamua uzamili na uzamivu wote uwe Kiingereza. Wahadhiri wakaenda mahakamani, na 2017 Mahakama ya Katiba ikasema kozi za Kiingereza ruksa, lakini Kiitaliano kisifukuzwe. Sasa Kiitaliano ni lugha ndogo? Lugha ya dola nzima ilikimbilia kwa hakimu! Kalamu, hapo hoja yako inayumba.

Kalamu Kavu: Mama, nilisema wengi, sikusema wote.

Mzee wa Hoja: Na mimi je?

Bwana Fujo: Mzee, Milano waachie Wamilano, la slaidi halijaisha. Mwanafunzi mgeni anadaiwa cheti cha Kiingereza kabla hajakanyaga darasani. Profesa anadaiwa nini?

Chakubanga wa Pili: Chuo kikuu cha Copenhagen, Denmark, wanao mtihani wa kupima Kiingereza cha wahadhiri. Unafundisha somo lako mbele ya wakaguzi.

Mama Tasnifu: Nipimwe, sikatai. Ila nipimwe kueleweka, si lafudhi. Wapo wenye lafudhi ya London ambao darasa zima linatoka kapa. Na huyo mgeni tunayembembeleza kwa Kiingereza naye apimwe: anamaliza shahada hajui hata kuwasalimia wenyeji.

Bwana Fujo: Umehamisha goli. Mgeni kaja kwa tangazo la chuo, tangazo limesema Kiingereza. Akajifunze Kibasque usiku?

Kalamu Kavu: Akajifunze! Kwani Kibasque kina ubaya gani?

Bwana Fujo: Wewe unakijua?

Kalamu Kavu: Mimi siishi huko, hilo si swali.

Mama Tasnifu: Ni swali zuri sana, mjibu mwenzio.