Nimepokonywa kikombe cha marehemu bibi kikiwa na chai ndani, tena mbele ya wageni

Mjukuu Halali (mleta uzi):
Wanajukwaa, naandika huku mkono ungali unatetemeka. Yule mtu ambaye kila ukoo umejaliwa mmoja, yule anayekagua kabati la vioo kabla hajawasalimu wenye nyumba, leo amenipokonya kikombe mkononi. Sina haja ya kumtaja, kwa sababu mnaye hata kwenu. Hakikuwa kikombe kitupu. Kilikuwa na chai ya moto, na nilikuwa nimekwisha kupiga funda la kwanza, naye akaimwaga kwenye sinki, akakisuuza, akakipangusa taratibu kama anayemfuta mtoto machozi, akakirudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo, kisha akawageukia wageni na kutangaza: "Hiki si cha kunywea. Hiki ni mali."

Mali! Kikombe hicho bibi alikinywea kila asubuhi ya maisha yake niliyoyashuhudia, na ndiyo maana ukingo wake wa dhahabu umefifia upande mmoja tu, pale midomo yake ilipozoea kugusa. Mheshimiwa huyo anapaita hapo "kasoro inayoshusha bei". Mimi napaita urithi wenyewe, na vilivyobaki ni udongo uliochomwa. Anangoja thamani ipande, ilhali seti za zamani za vyombo vya mezani zimeshuka bei kwa miaka mingi sasa katika masoko mengi, kwa kuwa warithi wanaotaka kuuza ni wengi na wanaotaka kununua ni wachache. Atangoja mpaka kabati lenyewe liote mizizi, na siku ya kiyama atamwomba malaika asubiri kwanza ahesabu visosa.

Lakini hayo yote ningeyavumilia. Chai ilikuwa ndani, jamani. Alinipokonya chai ikiwa ndani! Naomba kuwasilisha.

Kisosa Pweke:
Pole sana, ndugu yangu. Huyo wa kwenu ni pacha wa huyu wa kwetu, ambaye ametandika plastiki juu ya kiti cha marehemu babu na kutuagiza tukae sakafuni tukitazame.

Mchokozi Mstaafu:
Mleta uzi, tumekwisha kuelewa kwamba chai ilikuwa ndani. Jambo ambalo jukwaa bado halijaelezwa, na ambalo bila hilo hatuwezi kutoa hukumu ya haki, ni iwapo ilikuwa na sukari.

Mshika Ufunguo:
Nitazomewa, lakini nitasema. Baadhi ya vyombo vya zamani vilinakshiwa kwa rangi zenye madini ya risasi, na nakshi iliyochakaa si ya kuchezea, hasa kwa chai ya moto. Huenda mwenzako alikuokoa.

Mjukuu Halali:
Hoja ya risasi naiheshimu, na angeitoa yeye ningekiweka kikombe chini kwa mkono wangu mwenyewe. Hakutaja risasi. Alitaja mali, huku chai yangu ikiteremka kwenye bomba la maji machafu.

Roda za Saa:
Heri wewe, kikombe chako hakiharibiki kwa kufungiwa. Mimi nilinyimwa saa ya mkononi ya baba, ile ya kutia ufunguo, eti isichubuke. Nilipoipata hatimaye, mafuta yaliyomo ndani yalikuwa yameganda, na fundi akalazimika kuifungua yote na kuisafisha kipande kwa kipande kabla haijakubali kutembea.

Binti wa Lulu:
Saa hufufuka, ndugu. Mkufu wa lulu wa mama yetu ulihifadhiwa ndani ya sefu kwa heshima zote, kumbe hewa kavu mno huzifanya lulu zipasuke. Lulu hutaka kuvaliwa, kisha zifutwe kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo. Siku ya harusi yangu uzi wa hariri, uliooza kwa uzee, ulikatika nikiwa bado naufunga shingoni, na nusu ya maharusi wangu ilikuwa chini ya meza ikitafuta lulu.

Mchokozi Mstaafu:
Nusu ya maharusi? Ulikuwa unaolewa na wangapi?

Binti wa Lulu:
Wageni. Nilimaanisha wageni.

Vijiko Vyeusi:
Sisi vijiko vya fedha vya bibi vilifungwa pamoja kwa mpira ili visipotee, na mpira una salfa, ambayo ndiyo adui mkuu wa fedha. Tulipovifungua, kila kijiko kilikuwa na mstari mweusi kiunoni. Vingetumika na kuoshwa kila siku vingebaki vinang'aa.

Mjukuu Halali:
Tafadhalini, naomba turudi kwenye kikombe.

Roda za Saa:
Vijiko husuguliwa vikang'aa. Huwezi kulinganisha na saa iliyolala kimya miaka yote hiyo.

Vijiko Vyeusi:
Usinifundishe uchungu wangu, bwana. Kuna anayejua namna ya kuuondoa mstari huo bila kukikwangua kijiko?

Kisosa Pweke:
Tandika karatasi ya alumini ndani ya bakuli, mimina maji ya moto yenye magadi soda, kisha laza vijiko vigusane na alumini hiyo. Weusi hutoka wenyewe. Ila kama nakshi zake zilitiwa weusi kwa makusudi, usijaribu, kwa maana nao utaondoka.

Vijiko Vyeusi:
Ahsante sana. Je, njia hiyo yafaa hata kwa vile vyenye mpini wa pembe?

Mshika Ufunguo:
Mpini wa pembe usiuloweke kabisa.