Naomba ushauri: bustani ya kumbukumbu imekuwa kichaka

Kijana wa Mwaloni: Habari wakuu. Niko Kyotera, Uganda, mwalo mmoja si mbali na Kasensero. Tuna bustani ya kumbukumbu ya watu wetu waliokwenda na Silimu (UKIMWI), tangu ile 1982 mpaka dawa za bure zilipokuja 2004. Waliipanda wajane: mituba (miti ya nguo za magome), mulamula (masale), maua. Wilaya ya Kyotera ilitupa barua ya eneo 2009. Sasa kayukiyuki, gugu la lantana, imefunika kila kitu, mbuzi wanalala humo. Kamati imenitupia mimi. Hii lantana inauliwaje isirudi? Na nipande nini? Nina haraka kidogo.

Mama Matooke: Ukiikata juu utakuwa umeipogolea tu. Subiri udongo ulowe, ng'oa na mizizi, choma. Na mbuzi watoe, ile ni sumu. Wangu aliila, ngozi ya masikio ikababuka kwa jua, akakataa hata maganda ya matooke. Mpaka leo nikiona vile viua vya rangirangi nasikia hasira.

Fundi Ua: Weka seng'enge na nguzo za mkalitusi. Ninazo. Nicheki pembeni.

Mhaya wa Ng'ambo: Poleni. Huku Kagera wagonjwa wa kwanza walionekana 1983, ugonjwa tukauita Juliana. Baba yangu mdogo alikuwa akivuka mpaka wa Mutukula na vitambaa, mtu wa utani sana, alikwisha kabla sijaanza shule. Ila nikuulize, mulamula zenu ziko pembeni kwa mstari au zimetawanyika?

Kijana wa Mwaloni: Zimetawanyika. Kwani vipi?

Mhaya wa Ng'ambo: Mulamula huwekwa mpakani, au kichwani pa kaburi. Humo mmezika watu?

Kijana wa Mwaloni: Tuzungumzie kayukiyuki kwanza.

Mhaya wa Ng'ambo: Mmezika au hamjazika?

Kijana wa Mwaloni: Wapo wachache. Wavuvi waliotoka mbali, ndugu zao hawakupatikana. Lakini hakuna saruji wala msalaba. Na tingatinga la Jumamosi litakwangua juu juu tu, dereva ni mzoefu. Kwa majembe tutamaliza lini? Nimeshalipa nusu.

Mama Matooke: TINGATINGA? Ssebo, si uliuliza habari za magugu?

Mchungaji Mstaafu: Ibrahimu alimpimia Efroni shekeli 400 apate pa kumzika Sara. Wewe unalipa ili wafukuliwe. Vijana wa siku hizi mnasikitisha.

Mzee wa Faili: Kabla hamjalia, someni vizuri. Kyotera ilimegwa kutoka Rakai 2017. Hiyo barua ya 2009 aliiandika nani? Hadithi hizi tunazijua, kesho inafuata namba ya mobile money.

Boda wa Masaka: 😂😂 Lete namba, natuma mia tano.

Mchungaji Mstaafu: Kama ni uongo, nirudishie machozi yangu.

Kijana wa Mwaloni: Muhuri ni wa Rakai, nimetaja wilaya ya sasa ili mnielewe. Na siombi hela! Hela ipo. Katoa mtu wa hapahapa, anataka pafunguliwe mapema, kuna kibao kitawekwa.

Mzee wa Faili: Kibao chenye jina la nani?

Kijana wa Mwaloni: Lake. Ya marehemu yatafuata. Bila yeye nani angetoa hata shilingi?

Boda wa Masaka: Kumbe ni kampeni. Mwambieni alete na fulana.

Mhaya wa Ng'ambo: Hela pokea, tingatinga likatae. Mtafute mjane aliyebaki, hata mmoja, pita naye bustani nzima. Kila mulamula anayoikumbuka ifungeni kitambaa, mwandike jina kama analijua. Hapo panga tu, jembe lisiingie. Mituba msiiguse. Mkitaka mingine, kateni tawi nene kama mkono, mchomeke mvua zikianza, linashika lenyewe.

Kijana wa Mwaloni: Bibi mmoja yupo, lakini ni mkali. Halafu mulamula za upande wa barabara tulishazing'oa, zilikuwa zinaharibu mstari wa ua.

Mama Matooke: Mkazitupa?

Kijana wa Mwaloni: Zimerundikwa kwenye kona. Bado mbichi.

Mhaya wa Ng'ambo: Zinashika hata baada ya wiki kadhaa. Ila usizichomeke kwa kubahatisha, mwache huyo bibi akuonyeshe zilipokuwa.

Kijana wa Mwaloni: Atanitukana.

Mama Matooke: Atukane. Sasa hivi mpigie dereva, utuambie kama nusu yako inarudi.