Kwa nini Tracy Austin alitoweka viwanjani akiwa bado kijana?

Mpenzi wa Tenisi:
Ndugu wanajukwaa, naomba mnifafanulie jambo moja. Tracy Austin alitwaa ubingwa wa Mashindano ya Wazi ya Marekani mwaka 1979 kwa kumshinda Chris Evert 6-4, 6-3 akiwa na miaka 16 tu, na mwaka uliofuata akawa namba moja duniani. Hata hivyo, baada ya 1981 jina lake silioni tena katika fainali yoyote kubwa. Je, wapinzani walimzidi nguvu, au aliuchoka mchezo?

Kocha wa Vijana:
Ndugu, mwili ndio uliomwangusha. Huyu ndiye aliyemfunga Evert huko Roma mwaka 1979, wakati Evert alikuwa ameshinda mechi 125 mfululizo kwenye viwanja vya udongo, kwa hiyo suala la kuzidiwa uwezo halipo. Mwanzoni mwa 1981 maumivu ya mgongo, pamoja na yale ya mshipa mkubwa wa fahamu unaoteremka mguuni, yalimweka nje kwa miezi kadhaa. Aliporejea alicheza fainali ninayoihesabu kuwa kubwa kuliko zote alizocheza, ile ya Mashindano ya Wazi ya Marekani ya 1981: Martina Navratilova alichukua seti ya kwanza 6-1, na Austin, aliyekuwa na miaka 18, akazipata mbili zilizofuata kwa 7-6, 7-6. Baadaye maumivu yalirudi, na kabla hajatimiza miaka 21 alikuwa karibu ameacha kucheza.

Binti wa Raketi:
Kocha, nakubaliana nawe kuhusu mgongo, lakini tukiishia hapo itaonekana kwamba ilikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Andrea Jaeger aliingia katika tenisi ya kulipwa mwaka 1980 akiwa na miaka 14, akapanda hadi namba mbili duniani, akafika fainali ya Ufaransa mwaka 1982 na ya Wimbledon mwaka 1983, kisha bega likamkatiza. Mabinti hawa walikuwa wakibebeshwa ratiba ya watu wazima ilhali mifupa yao ilikuwa bado inakua, na inaniuma kwamba sheria ya kupunguza idadi ya mashindano kwa wachezaji wa umri huo ilianza kutumika mwaka 1995 tu, baada ya Jennifer Capriati naye kuanza kucheza kwa kulipwa akiwa na miaka 13.

Mzee wa Viwanja:
Naongeza moja. Mwaka 1989, alipokuwa ameanza kucheza tena, Austin alipata ajali mbaya ya gari iliyomvunja mguu. Pamoja na hayo, alikwisha kujikusanyia mataji 30 ya mchezaji mmoja mmoja, na mwaka 1992, akiwa na miaka 29, aliingizwa katika Jumba la Heshima la Tenisi la Kimataifa, ambako hakuna aliyewahi kuingizwa akiwa na umri mdogo zaidi kabla yake. Tena hakuridhika na heshima hiyo, kwani alirudi uwanjani mwaka 1993 na kuendelea kushindana hadi 1994.