Land Rover Series III niliyonunua: niivue mpaka chasisi au niitengeneze huku inatembea?

Taratibu88
Habari za saa hizi wadau. Nimenunua Land Rover Series III, ile fupi (inchi 88 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) yenye injini ya petroli ya lita 2.25. Inawaka, inatembea, na breki zinashika ukikanyaga mara mbili. Rangi imepauka na ubavu mmoja umebonyea, lakini viti, dashibodi na injini ni vile ilivyotoka navyo kiwandani.

Niko njia panda. Niivue yote ibaki chasisi tupu nijenge upya? Niikarabati kwa awamu huku naiendesha? Au nitengeneze vya usalama tu, mengine niyaache na makovu yake? Nataka gari la safari za wikendi, sina mpango wa kulipeleka kwenye maonyesho. Mliopita njia hii naomba mwongozo.

MchomeleaChuma
Hongera mkuu. Chasisi ndiyo itakayokujibu, kwa hiyo usianze na rangi. Bodi ya Series karibu yote ni aloi ya aluminiamu, ndiyo maana gari linaweza kuonekana zima juu na chini limeoza. Chasisi ni maboksi ya chuma yaliyochomelewa. Tope likiingia ndani linakaa na unyevu wake, kutu inakula kutoka ndani kuja nje. Ukiiona kwa macho, ujue imeshakula sana.

Osha chini, acha pakauke, kisha ingia na nyundo ndogo, bisibisi na chaki. Gonga kuanzia mbele zinaposhikwa springi, fuata ile mikono inayobeba ukuta wa mbele (ule kati ya injini na abiria), malizia na boriti ya nyuma. Chuma kizima kinalia na nyundo inaruka. Kilichooza kinatoa sauti nzito, iliyokufa. Hapo sukuma bisibisi. Ikizama, weka alama ya chaki uendelee. Ukikuta lami mpya imepakwa kipande kimoja tu, ikwangue yote, mara nyingi inaficha kiraka. Halafu toa mazulia uangalie sakafu ya miguuni na nguzo za milango, maana ule ukuta wa mbele nao ni chuma.

Sumaku usihangaike nayo kutafuta puti (ile ya kujazia mabonyeo) kwenye bodi. Aluminiamu haishiki sumaku, iwe na puti au isiwe nayo. Mulika tochi kwa ubavu, mawimbi utayaona.

Alama chache zilizotawanyika: kata, chomelea, gari halivuliwi. Alama zikijaa kwenye reli kuu mbili ndefu: nyanyua bodi.

GiaYaPili
Mimi ningevua moja kwa moja. Kwenye Series, giaboksi inatolewa kupitia ndani ya kabini: unang'oa sakafu, unang'oa boksi la viti, ndipo unainyanyua. Kwa hiyo leo unabadilisha klachi, mwakani unafungua vilevile kwa sababu ya sili inayovuja, mwaka unaofuata tena kwa ajili ya sakafu. Fungua mara moja, maliza. Chasisi mpya zilizozamishwa kwenye zinki bado zinatengenezwa, ukifunga hiyo umeagana na kutu.

Mkongwe_Asilia
Ndugu GiaYaPili, hoja ya kufungua mara moja naielewa, ila kuna kitu kinapotea hapo ambacho hakinunuliki. Gari hili bado lina viti vyake na rangi yake. Rangi ya kiwandani inapigwa mara moja tu. FIVA, shirikisho la kimataifa la magari ya kale lililoundwa 1966, limeweka wazi kwenye Mkataba wake wa Turin kwamba kuhifadhi kunatangulia kukarabati, na kila unachogusa kiguswe kwa kiasi kidogo iwezekanavyo. Naamini hivyo kwa moyo wote. Gari likishapigwa rangi mpya na kushonewa viti vipya linapendeza, lakini historia yake imeshafutwa.

Rangi iliyopauka ijaribu kwanza: osha, pitisha dawa laini ya kung'arisha, paka nta. Linganisha na rangi iliyo chini ya viti, ambako jua halikufika.

Na kuhusu chasisi mpya: namba ya gari imegongwa kwenye chasisi, kwa kawaida mbele kulia karibu na kishikio cha springi. Ukibadilisha chasisi unaagana na namba hiyo pia. Ulizia taratibu za usajili kabla hujakata chochote.

BintiKabureta
Mnabishana kuhusu bodi na mwenzetu kasema breki zinashika mara ya pili! Kaka Taratibu88, usiendeshe mbali hivyo. Series ina breki za dramu magurudumu yote manne. Pedali ikizama mara ya kwanza na kupanda mara ya pili, mara nyingi breki shuu ziko mbali na dramu, zinataka kurekebishwa, au kuna hewa. Ukiikanyaga ukaishikilia nayo inashuka taratibu bila kuona uvujaji, sili za masta silinda (pampu ya breki) zimekwisha.

Lolote utakaloamua, haya yanatangulia: mipira ya breki yote mipya, maana huvimba kwa ndani huku nje inaonekana salama; oili ya breki mpya, ile ya zamani imeshanyonya maji; mipira ya petroli; na tairi. Soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ubavuni mwa tairi, ndizo tarehe ya kutengenezwa: 2309 ni wiki ya 23 ya mwaka 2009. Kashata (meno ya tairi) nzuri haimaanishi mpira mzima.

Injini ipime mgandamizo kabla hujaifungua. Silinda ikisoma chini, tia kijiko cha oili kwenye tundu la plagi upime tena. Ikipanda, ni ringi au silinda imelika. Isipopanda, angalia valvu au gasketi.

Taratibu88
Nimegonga chasisi yote. Reli kuu zinalia vizuri mbele mpaka nyuma. Bisibisi imezama sehemu mbili: pembe ya kulia ya boriti ya nyuma, na mkono wa kulia unaobeba ukuta wa mbele. Sakafu ya miguuni kushoto ina tundu. Silinda ya tatu inasoma chini na ilipanda nilipotia oili. Namba ya chasisi bado inasomeka.

Kwa hali hiyo siivui. Naanza na breki, nafuata kuchomelea, rangi naiacha ilivyo.

GiaYaPili
Reli zikiwa nzima sina ubishi. Ila siku giaboksi ikitoka, badilisha klachi na sili zote siku hiyohiyo.

BintiKabureta
Kama halitoi moshi wa bluu na oili haipungui kwa kasi, liendeshe kwanza. Injini yake inatoka kwa mbele ukishatoa rejeta na fremu yake, bodi haiguswi.

MchomeleaChuma
Uamuzi mzuri. Kabla ya kukata huo mkono, weka jeki na ubao chini ya ukuta wa mbele, upime mwanya wa mlango juu na chini uuandike, la sivyo mlango hautafunga tena. Chomoa betri na waya za altaneta. Tangi la petroli la 88 kwa kawaida liko chini ya kiti cha kulia, upande uleule unaochomelea, kwa hiyo litoe kabisa ulipeleke mbali. Ukishakata tuma picha ya ndani ya boksi la reli, tuone tope limefika wapi.