Wakorea wamejaa Chennai, uhusiano wao na Wahindi ulianzia wapi hasa?

Binti_Upanga

Habarini wakuu. Nilikuwa Chennai nimempeleka mama matibabu, na kitu kilichonishangaza kule ni Wakorea. Ukitoka mjini kuelekea Sriperumbudur unakuta hoteli na migahawa mabango yameandikwa Kikorea, jioni wanaume wa Kikorea wamekaa wanachoma nyama wenyewe pale pale mezani wanaikata kwa mkasi, na wahudumu wa Kitamil wanawajibu kwa Kikorea kabisa. Nikamuuliza dereva, akasema wamekuja na kiwanda cha Hyundai, ila akaongeza kwamba Wakorea ni shemeji zao, eti zamani binti wa mfalme wa India alisafiri kwa meli akaolewa na mfalme wa Korea.

Nimerudi Dar nikaanza kusoma, nakuta huyu anasema binti alitoka Ayodhya kule kaskazini, yule anasema Tamil Nadu, jimbo la kusini kulipo Chennai. Naomba wanaojua historia mnisaidie, hiyo habari ni ya kweli au ni hadithi tu? Na ukiiweka pembeni, watu wa hizi nchi mbili wamewahi kuhamiana kweli au ni biashara ya magari na simu tu?

mzee_wa_ramani

Swali zuri dada. Dereva hajakudanganya, hiyo habari ipo kwenye maandishi, ila ina mashimo.

Inatoka kwenye Samguk Yusa, kitabu kilichokusanywa na mtawa Iryeon karne ya 13. Kinasema mwaka 48 binti wa miaka 16 anaitwa Heo Hwang-ok alifika kwa meli kutoka nchi ya Ayuta, akaolewa na mfalme Suro wa Gaya, kusini mwa Korea. Kwenye meli alipakia mawe ya kutuliza mawimbi, na mnara wa mawe wanaosema ndio hayo bado uko mjini Gimhae, karibu na kaburi lake. Wakorea wanaojihesabu uzao wake ni mamilioni, ukoo wa Kim wa Gimhae ndio mkubwa, hata rais Kim Dae-jung alikuwa wa ukoo huo, halafu kuna Heo wa Gimhae na Yi wa Incheon. Inasemekana malkia aliomba watoto wawili wachukue jina lake la Heo, ndio maana kwa mila zao Kim na Heo wa Gimhae wanahesabiana ndugu na hawaoani. Kwetu sisi tunaojua miiko ya ukoo hilo halihitaji maelezo.

Sasa mashimo. Kutoka mwaka 48 mpaka kitabu kuandikwa imepita zaidi ya miaka elfu moja na mia mbili. Ayodhya iko bara, mbali na bahari, na enzi zile mji ule ulijulikana zaidi kwa jina la Saketa. Ndio maana wengine wanaipeleka Ayuta kusini kwa Watamil. Ushahidi wa kumaliza ubishi hakuna. Lakini serikali zimeshaamua, Ayodhya kuna mnara wa kumbukumbu ya malkia tangu 2001 kando ya mto Saryu, na Novemba 2018 mke wa rais wa Korea Kusini, Kim Jung-sook, alikwenda kwenye shughuli ya kuupanua.

Kama unataka mtu ambaye hana ubishi, mtafute Hyecho. Mtawa wa Kibudha wa ufalme wa Silla huko Korea, miaka ya 720 alikwenda India kwa bahari akazunguka sehemu takatifu za Buddha, akarudi kwa nchi kavu kupitia Asia ya Kati na akaandika aliyoyaona. Maandishi yake mtafiti Mfaransa Pelliot aliyakuta kwenye mapango ya Dunhuang, China, mwaka 1908, leo yako Paris. Huyo miguu yake ilikanyaga India kweli.

Kamanda_Songea

Mzee hapo juu umeeleza vizuri ila mimi huwa inaniuma watu wanaruka kutoka kwa malkia moja kwa moja mpaka Hyundai, katikati pale kuna Vita ya Korea na ndio pana watu halisi waliobeba huu uhusiano mgongoni.

India haikupeleka askari wa kupigana, ilipeleka hospitali. Kikosi cha 60 Parachute Field Ambulance, kamanda wake daktari Luteni Kanali A.G. Rangaraj, kilitua Korea Novemba 1950 na kikafika mpaka Pyongyang. Wachina walipoingia vitani majeshi ya UN yakaanza kurudi nyuma, Wahindi wakaambiwa waache vifaa waondoke. Wakakataa, maana hospitali bila vifaa si hospitali. Wakakuta kichwa cha treni ya mvuke kimetelekezwa, wakajipanga mstari wanapokezana ndoo za maji kujaza boila, wakapakia vifaa vyao vyote na wakavuka mto Taedong muda mfupi kabla daraja halijalipuliwa. Machi 1951 baadhi yao waliruka kwa parachuti pamoja na Wamarekani kule Munsan, na wenzao wengine walikuwa Daegu wanatibu raia. Walikaa mpaka 1954.

Halafu ikaja ya mateka, hii ndio inajibu swali lako la kuhamiana. Vita iliposimama 1953 kulikuwa na mateka zaidi ya elfu 22 waliokataa kurudishwa kwao, na India ikapewa kazi ya kuwalinda huku wakiulizwa wanataka kwenda wapi. Jenerali Thimayya wa India alikuwa mwenyekiti wa tume ya mateka hao, Thorat kamanda wa askari wa Kihindi waliowalinda. Rais Syngman Rhee wa Kusini hakuwataka kabisa, alisema Mhindi hatakanyaga ardhi yake, ikabidi askari watolewe kwenye meli huko Incheon kwa helikopta mpaka eneo lililotengwa kati ya pande mbili. Fikiria unaitwa kusuluhisha na wenye nyumba hawataki hata upite uani.

Mwishoni wengi walikwenda Korea Kusini na Taiwan. Lakini watu 88, Wakorea 76 na Wachina 12, walisema hawaendi Kaskazini wala Kusini, wala China wala Taiwan. Wanataka nchi isiyo na upande. Wakapandishwa meli Asturias Februari 1954 pamoja na askari wa Kihindi wanaorudi, wakashushwa Madras, ambayo ndio hiyo hiyo Chennai yako dada. Baadaye wengi walihamia Brazil na wengine Argentina, wachache wakabaki India mpaka uzee wao. Hawa vijana walikuwa hawana ubalozi, hawana hata barua kutoka nyumbani, maana kwa wengi wao nyumbani ni Kaskazini. Kwangu mimi hawa ndio Wakorea wa kwanza wa India wanaostahili mnara, na ubalozi kamili kati ya Delhi na Seoul umekuja Desemba 1973, miaka karibu 20 baada ya wao kufika.

Otieno_wa_Pune

Kamanda asante sana kwa hiyo ya wale 88, sikuwa naijua.

Mimi naongeza upande wa Manipur, kaskazini mashariki mwa India, kwa sababu nilisoma Pune na rafiki yangu wa hosteli alikuwa wa Imphal. Mwaka 2000 kundi la wapiganaji wa kule walipiga marufuku filamu za Kihindi, wenye kebo na kumbi za sinema wakaogopa wakazitoa. Pengo hilo likajazwa na chaneli ya Arirang ya Korea, halafu zikaja CD za tamthilia zinazoingia kupitia mpaka wa Myanmar. Kizazi kizima kimekua na hizo, mitindo ya nywele, nguo, salamu. Filamu ya Kihindi kuonyeshwa hadharani tena ni Agosti 2023.

Lakini jamaa yangu alinieleza kitu kingine. Wakienda Delhi wanaitwa wageni ndani ya nchi yao kwa sababu ya sura, wanatukanwa barabarani, kwenye sinema za Mumbai hawajioni. Kwenye tamthilia ya Kikorea anamwona mama anayefanana na mama yake, familia inakula wali sakafuni kama kwao. Watu wengi wanaandika kwamba ni fasheni tu ya vijana, mimi nikimsikiliza yule jamaa nakataa.

Binti_Upanga

Jamani asanteni, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Na upande wa pili je, Wahindi wanaohamia Korea wapo? Maana kule Chennai nimeona wa kuja tu.

dada_Mwanza

Wapo ila sio wa viwandani kama watu wanavyodhani. Korea ina viza ya vibarua, E-9, inatoka kwa nchi ambazo serikali zao zina mkataba nao, Nepal, Bangladesh, Sri Lanka, Pakistan wamo, India haimo (na nchi ya Afrika hakuna hata moja, nasema hili kwa wale wanaotapeliwa na mawakala huku). Kwa hiyo Mhindi utakayemkuta Seoul mara nyingi ni injinia, mtafiti, mwanafunzi wa chuo au mpishi. Na hata migahawa yenye jina la Kihindi mingi utakuta mwenyewe ni Mnepali.

Mfano mzuri ni Anupam Tripathi, kijana wa Delhi, alipata skolashipu akaenda kusomea uigizaji chuo cha sanaa Seoul mwaka 2010, akakaa miaka anapewa vipande vidogo vya vibarua wa kigeni, mpaka 2021 akacheza Ali kwenye tamthilia ya Kikorea ya Squid Game, naye Ali ni Mpakistani, mfanyakazi wa kiwandani anayedhulumiwa mshahara. Na 2022 Sriya Lenka wa Rourkela, Odisha, akaingia kundi la muziki la Blackswan, Mhindi wa kwanza kwenye K-pop, yaani muziki wa pop wa Kikorea.

Kamanda_Songea

Sahihi kabisa dada. Binti_Upanga, ukirudi Chennai na mama uliza InKo Centre, ni kituo cha utamaduni wa nchi hizi mbili, kipo tangu 2006, wanafundisha Kikorea na wana maonyesho mara kwa mara. Mpe pole mama.